Nyasi Zilizolala

Mkwe ni mkwe, hata katika mabanda ya Laini Saba. Ndiyo maana Nalianya, fundi wa bustani za watu, hakuwahi kumwambia mama mkwe wake neno lolote kuhusu nyasi. Alipitia kwa mkewe, Mourine: "Mwambie hiyo nyasi ya nyuma asiguse."

Mama alikuwa ametoka Bungoma kuja kulea mjukuu mchanga. Kwa heshima, maana mkwe halali nyumba moja na mkwewe, alilala kwa Annet, jirani, na kila asubuhi alifika na ufagio wake. Kwao boma safi ni udongo mtupu. Nyasi kando ya nyumba ni kukaribisha nyoka.

Lakini nyasi hizo ndizo zilizoshikilia mteremko. Mvua za mwaka jana udongo uliporomoka, ukasukuma mabati ya ukuta wa nyuma mpaka kitandani. Nalianya akapanda vipande alivyookota kazini, vikatambaa, kila fundo likishusha mizizi yake, hadi mteremko ukatulia. Mtoto sasa alilala kando ya ukuta uleule, maana chumba hakikuwa na nafasi pengine.

Kisha jua likawaka kweli kweli. Nyasi zikawa kahawia. Hazikuwa zimekufa; nyasi zikikosa maji hulala, huficha uhai wake chini na kungoja mvua. Nalianya alilijua hilo hata hakuona haja ya kulisema. Hapo ndipo alipokosea.

Jioni moja alimkuta mama mkwe nje, lesso kiunoni, jembe mkononi.

"Mkwe, ile nyasi ilikuwa imekufa tu. Nimekusafishia."

Nalianya aliinamisha macho, kama desturi inavyotaka, na huko chini ndiko alikoona: udongo mtupu, mistari ya ufagio imepangika vizuri. Mama huyu angekuwa mtu mwingine, angemfokea.

"Asante, mama," alisema.

Wingu lilikuwa limesimama upande wa Ngong. Alichakura jaani akitafuta mashina ya nyasi. Mengi yalikuwa yameshachomwa. Machache yaliyobaki aliyafukia mteremkoni kwa vidole, akijua yanataka wiki kadhaa kushika. Matone yakaanza.

"Tumweke wapi mtoto?" Mourine aliuliza kutoka mlangoni. "Kwa Annet pia ukuta ni huohuo wa mteremkoni."

Nalianya alizidi kufukia.

Mama alimtazama bintiye, akautazama mteremko, akaelewa. Alipiga magoti kando ya mkwewe, karibu kuliko desturi inavyoruhusu, akaanza kufukia naye. Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Matope yalipita katikati ya vidole vyao, yakielekea ukutani.