Dawa Iliyotoka Udongoni

Karai lilikuwa bado na vipandikizi nusu, na Yunia alikuwa amepiga magoti akivichomeka kimoja kimoja ndani ya mifuko ya nailoni iliyojaa udongo. Kila kipandikizi kilikuwa jani moja la chai na kipande kifupi cha shina. Ukikichomeka vizuri na kukifunika kisipigwe na jua, kinatoa mizizi, na mche unaokua ni mchai ule ule uliokatwa, hautofautiani nao hata kidogo. Upande wa pili wa kitalu, Elmina alikuwa akichekecha udongo kwa wavu wa chuma. Wanawake hao wawili walikuwa wake wa mume mmoja, Makori. Walikuwa wametoka Kisii pamoja naye kutafuta kazi ya chai, na mwenye kitalu, mzee Johana Kipchirchir, aliwapa sehemu ya kujenga nyumba zao mbili, si mbali na soko la Sosiot.

Mzee Johana alisimama na ndoo ya maji, akimtazama Yunia zaidi ya alivyoitazama kazi. Mwanzoni mwa mwaka huo wa sabini na tatu, alikuwa amesaidia kumbeba kwa kiti hadi barabarani, mwili wake mwepesi kama wa mtoto, kifua kikimlia ndani. Sasa aliinama, akainuka, akaongea.

"Unanitazama kama mzimu, mzee," Yunia alisema.

"Nilikuwa nimeshachagua mahali pa kaburi," Johana alijibu. "Pale karibu na fensi. Sasa itabidi nipande kabichi."

Elmina alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akageuza uso pembeni.

Kabla jua halijapanda sana, Sista Rebeccah alifika kwa miguu kutoka barabarani, ameshika kisanduku chake. Alikuwa binti wa upande wa Boito, muuguzi wa wagonjwa wa kifua kikuu katika hospitali ya mjini, na kazi yake ya siku kama hizo ilikuwa kuwatembelea wagonjwa nyumbani bila kuwaambia anakuja. Alimsalimu mzee kwa Kikipsigis, akawasalimu akina mama kwa Kiswahili, kisha akampa Yunia chupa ndogo. Yunia alijua la kufanya. Alikwenda nyuma ya migomba, akarudi na chupa, na Rebeccah akaiinua ielekee mwangani.

Mkojo ulikuwa na rangi ya chungwa.

Johana alikuwa ameshasikia habari za rangi hiyo lakini hakuwa ameiona. Alivua kofia. Rebeccah alimweleza kwamba ndivyo dawa hiyo mpya ilivyo: ni kapsuli nyekundu, na mtu akiimeza inapita katika mwili wote, hata jasho na machozi yanaweza kubeba rangi yake. Kwa hiyo muuguzi akiona rangi anajua kwamba mgonjwa amemeza.

"Hata machozi?" mzee aliuliza.

"Hata machozi."

Johana aliizungusha kofia mikononi. Yeye alikuwa mzee wa kanisa, na watu wa kanisa lake walizoea kusema kwamba Mungu huchunguza mtu mpaka ndani, lakini hakuwahi kufikiri kwamba kitu kidogo kama punje ya maharagwe kinaweza kupita njia hizo hizo na kuacha alama. Akauliza imetokana na mti gani.

Rebeccah alisema haikutokana na mti. Ilitokana na udongo. Alikuwa ameambiwa na daktari kwamba wataalamu wa Ulaya walichukua udongo wa msitu mmoja, wakakuta ndani yake kijidudu kisichoonekana kwa macho, nacho kinatoa kitu kinachoua ugonjwa. Wakakikuza na kukibadilisha miaka mingi mpaka wakapata kapsuli.

Elmina aliacha kuchekecha. Yunia aliutazama mkono wake, uliokuwa mweusi mpaka kwenye kiwiko. Johana aliinama, akachukua udongo kidogo kutoka kwenye lundo, akaukandakanda kwa vidole kama mtu anayeuona mara ya kwanza, ingawa alikuwa ameulima maisha yake yote.

"Basi," alisema hatimaye, "kama ni udongo, mbona wanasema ni ghali hivyo? Na serikali si ilituambia matibabu ni bure?"

Hapo mazungumzo yakawa marefu. Rebeccah alikubali kwamba serikali ilikuwa imeondoa malipo ya dispensari, na kwamba sindano na vidonge vikubwa vya zamani vilipatikana bila mtu kudaiwa senti. Lakini kapsuli hizi hazikuwa katika stoo ya serikali. Kampuni iliyozigundua ilikuwa na hati ya kisheria inayomzuia mwingine yeyote kuzitengeneza kwa miaka mingi, kwa hiyo bei iliipanga yenyewe. Bei ya dawa ya mgonjwa mmoja ingeweza kununua dawa za zamani za wagonjwa wa wodi nzima. Hospitali ilikuwa imepata chache tu, za watu ambao dawa za zamani zimeshindwa kuwasaidia. Yunia alikuwa mmoja wao. Alikuwa ameanza matibabu ya kwanza, akapata nafuu, akaenda Kisii kwa matanga ya mama yake na kukaa huko bila dawa, na ugonjwa uliporudi sindano hazikuweza tena kuuzuia.

Johana aliweka ndoo chini. Alisema yeye akikata kipandikizi akampa jirani, mchai wake haupungui. Nusu ya chai ya Sosiot ilitoka kwenye kitalu hiki, na hajawahi kumzuia mtu.

"Na yule mtaalamu aliyetafuta mchai huu bora kati ya maelfu, mzee, miaka yote hiyo alikula nini?" Rebeccah aliuliza.

Mzee alifikiri. "Alikula mshahara. Na mshahara tulilipa sisi, kidogo kidogo, wanapotukata pesa kiwandani kwenye kilo zetu za majani. Kwa hiyo alipoupata, ukawa wetu wote."

"Hao wa kampuni hawakuchangiwa na mtu."

"Basi wana haki ya kula," Johana alisema polepole. "Sikatai. Lakini mtu akila peke yake na mwenzake anakufa mlangoni, hiyo haki inakuwa nzito. Mimi sijui ingepimwaje."

Rebeccah naye alisema hajui. Daktari wake alikuwa akigombana juu ya jambo hilo hilo na wakubwa wa mjini, wengine wakitaka serikali inunue kapsuli, wengine wakiuliza ni dispensari ngapi zitafungwa ili zinunuliwe. Akaiinua chupa tena. Safari hii aliitazama muda mrefu zaidi, kwa sababu rangi ilikuwa hafifu. Wagonjwa wengine aliowaona wiki hiyo, chupa zao zilikuwa karibu nyekundu.

Alimuuliza Yunia kama anameza kapsuli zote mbili kila asubuhi. Yunia alisema ndiyo, akachukua kipandikizi kingine.

Elmina alikohoa. Safari hii kikohozi kilimshika mpaka akakaa chini, macho yakamtoka machozi, naye akajifuta kwa kitambaa cheupe cha kichwa. Rebeccah alikwenda kumshika mgongo. Akakiona kitambaa. Kilikuwa na madoa ya rangi ya chungwa, mengine ya zamani yaliyokataa kutoka kwa sabuni, na moja jipya, lililolowa bado.

Rebeccah alikinyoosha kitambaa magotini mwake, akaliona lile doa, kisha akamtazama Yunia, na Yunia akayaacha majani.

Yunia hakujitetea kwa sauti. Alieleza tu, huku akitazama udongo. Mama mkwe wao aliwafundisha kwamba kitu kizuri kikiingia katika nyumba moja, hakiliwi mpaka nyumba ya pili ipate sehemu. Hivyo ndivyo walivyoishi, kama ni nyama, kama ni sukari. Yeye alipolazwa hospitali, Elmina alimnyonyesha mtoto wake Nyatichi pamoja na wa kwake. Kisha Elmina naye akaanza kukohoa usiku, na sista mwenyewe alikuwa amesema kapsuli nyingine hazipo.

"Ningemezaje zote mbili, yeye akinitazama?" aliuliza.

Rebeccah alikikunja kitambaa. Alikuwa amezoea wagonjwa wanaotupa dawa, wanaouza dawa, wanaosahau. Hakuwa amekutana na mtu aliyetoka karibu na kaburi, akapewa kitu kimoja cha kumwokoa, akakikata katikati. Alijua kwamba ni kosa kubwa. Alijua pia kwamba yeye mwenyewe asingeweza kulifanya. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yake pamoja, na hakuona la kuondoa.

Aliposema, alisema taratibu. Nusu ya dawa haiponyi nusu ya ugonjwa. Inaufundisha ugonjwa kuizoea dawa, kama ulivyozizoea sindano, na baada ya hapo hakuna kapsuli nyingine ya kutafuta. Kama wangeendelea hivyo, nyumba zote mbili zingebaki bila mama.

"Utanitoa kwenye dawa?" Yunia aliuliza.

"Siwezi kumficha daktari. Nitamweleza yote. Anaweza kuamua kukutoa, na wapo wanaoingoja nafasi yako." Rebeccah alimrudishia Elmina kitambaa. "Nitamwomba asikutoe. Lakini nikimwomba, lazima nimwambie ni nani atakayekuona ukimeza."

"Mimi," Johana alisema. "Kila asubuhi, hapa, kabla hajashika kazi. Na nitamwangalia mpaka ndani ya mdomo kama ng'ombe wa mnada."

Kuhusu Elmina, Rebeccah alisema hajawahi kutibiwa, kwa hiyo huenda dawa za serikali zikamponya. Ni za muda mrefu na sindano zinauma, lakini zipo. Ila kama ugonjwa wake aliupata kwa Yunia, huenda ni ule ule mgumu. Hilo halijulikani mpaka makohozi yapimwe, na majibu huchelewa sana. Yanayofaa ni ya alfajiri, kabla mtu hajaweka kitu mdomoni. Akatoa vikopo viwili kwenye kisanduku, kimoja cha kila mama.

Elmina alifungua fundo kwenye pembe ya leso yake. Ndani palikuwa na kapsuli ya siku hiyo, kwa sababu yeye huimeza jioni, baada ya kukamua ng'ombe wa mzee. Iling'aa kiganjani mwake, nyekundu kama tunda la kahawa. Wote wanne waliitazama. Kisha akaiweka mkononi mwa Yunia, akachota maji kwa kikombe, akampa.

"Meza, Mama Nyatichi."

"Na wewe?"

"Mimi nitangoja yangu. Meza nikuone."

Yunia aliishika kwa muda mrefu. Kisha akaimeza, huku Elmina akimtazama usoni, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu waolewe kwa mmoja wao kula kitu kizima mbele ya mwenzake. Elmina alipokea kikombe, akanywa maji yaliyobaki.

Rebeccah alibaki mpaka jioni, Makori aliporudi kutoka shambani, ili amweleze mwenyewe. Makori alisikiliza akiwa amesimama na kikapu mgongoni. Hakumgombeza mtu. Aliuliza tu kama kuna jambo la kufanya leo, kabla ya majibu ya daktari, na sista akamwambia kwamba wagonjwa wa kifua wanahitaji hewa, na nyumba ya Elmina haina dirisha.

Makori aliweka kikapu chini, akaleta panga, akaanza kuukata ukuta wa udongo upande wa kitanda. Johana alishika kijinga cha moto kummulikia, na Yunia akaokota mabonge yaliyoanguka. Fito za ndani zilikuwa ngumu, panga likawa linaruka. Giza lilipoingia, tundu lilitosha kupitisha kichwa cha mtoto tu. Makori alipapasa fito iliyobaki katikati, akaitikisa, haikutoka. Akasema itahitaji msumeno, na msumeno uko kwa fundi sokoni. Alilichomeka panga kwenye ukuta pale pale alipofikia, wakaingia ndani kula.