Palipokuwa na Mgahawa wa Tala

Yorleny Chinchilla alikuwa na blogu yenye wasomaji wanne, na mmoja wao ni yeye mwenyewe. Aliandika makala zake kama alivyoandika barua za idara ya maji kwa miaka ishirini na sita: kwa adabu, kwa utaratibu, na kwa namna ambayo mtu akifika mstari wa tatu anaanza kuwaza chakula cha mchana.

Wala hilo lisingemsumbua, kama si kikaratasi. Mama yake, doña Odilie, alikufa mwezi Machi, na siku mbili kabla alimtia mkononi kikaratasi chakavu.

"Nilipokuzaa nilishikwa na homa, maziwa yakakauka," alisema. "Mwanamke mmoja alikunyonyesha miezi minne. Tukahama, sikurudi kumshukuru. Kwanza uvivu, halafu aibu. Nenda wewe, mwanangu."

Jina la mwanamke huyo lilikuwa limeshamtoka mama kichwani. Kikaratasi kilisema tu: kutoka mgahawa wa Tala, mita mia mbili kusini, hamsini magharibi, nyumba ya kijani.

Katika mji wa Alajuela hakuna wa kukucheka kwa anwani kama hiyo. Ndivyo barua zinavyofika. Ila mgahawa ulibomolewa zamani, nyumba zimepakwa rangi mara tano, na mwanamke mwenyewe, kama yu hai, anakaribia themanini. Yorleny hakuwa na ndugu wa kumuuliza. Alikuwa na blogu.

Aliandika makala ndefu ya kumtafuta, akampelekea Xinia, rafiki yake mwenye saluni. Xinia alikuwa na mtihani wake: aliwasomea kwa sauti wateja waliokuwa wakisubiri rangi ya nywele ishike.

"Doña Flory kasinzia," alipiga simu baada ya nusu saa. "Nami nimesinzia kidogo, rangi ikapitiliza. Sasa ana kichwa cha karoti, kwa ajili yako."

"Nimeandika vibaya?"

"Umeandika vizuri, ndiyo shida yenyewe! Shoga, umeanzia Wahispania walipokuja na meli. Mtu kaja na njaa, wewe unamsimulia sufuria ilikonunuliwa. Huyo mama aliyekunyonyesha umemweka wapi? Aya ya tisa! Mimi nimefika huko kwa sababu nakupenda."

Yorleny alinuna siku nzima. Asubuhi iliyofuata alifuta yote, akaanza upya: "Mwanamke mmoja wa mji huu alininyonyesha miezi minne, nami simjui jina wala sura. Ninachojua ni nyumba yake tu." Akaweka maneno ya kikaratasi. Angeishia hapo ingekuwa salama, lakini mzaliwa wa Alajuela hawezi kujizuia kuonyesha kwamba anaujua mji wake. Akaongeza kwamba mgahawa wa Tala, kama kila mtu ajuavyo, ulitazamana na duka la dawa.

Xinia na wateja wake waliisambaza makala mji mzima, na hapo akawa amechokoza nyuki.

"Duka la dawa? Wewe ulizaliwa mji wa Cartago nini?" aliandika wa kwanza. "Ulitazamana na fundi viatu," akasema wa pili. "Fundi viatu alikuja baadaye!" "Nyamazeni nyie watoto, Tala alikuwa na migahawa miwili." Mzee mmoja aliyeishi ng'ambo miaka thelathini alichora ramani kwa mkono, akaipiga picha, akaapa kwa kaburi la bibi yake. Siku ya tatu maoni yalipita mia mbili.

Yorleny alilia kwa fedheha. "Nalifuta hilo kosa," alimwambia Xinia.

"Ukilifuta nakunyoa kipara. Hapa nina wanawake wawili nimewamaliza tangu saa nne, hawataki kuondoka, wanabishana mlango ulikuwa upande gani! Kiri umekosea, kisha waulize. Kuuliza si ujinga."

Akafanya hivyo. Kila asubuhi aliandika kifupi: jana tumejua nini, nani kanisahihisha, ahsante yake kwa jina, na swali moja tu. Jirani alikuwa nani? Nani aliuza maziwa? Kesho yake walirudi, na walirudi na shangazi zao. Yorleny aliwapenda watu wale kwa moyo wake wote, hata yule aliyemwita punguani, maana ndiye aliyekumbuka kwamba nyumba ya kijani ilikuwa na mageti mawili.

Siku ya kumi na moja aliandika mwoka mikate mstaafu: "Nilipeleka mkate pale. Ni kwa Fidelina Arroyo. Yu hai, anakaa kwa binti yake, mita mia mashariki mwa palipokuwa na bohari ya kahawa."

Yorleny alifika saa tisa alasiri, wakati wa kahawa, na keki ya mahindi mkononi. Alikuwa amekariri hotuba nzima. Mlango ulipofunguliwa na bibi mfupi mwenye aproni, hotuba yote ikayeyuka.

"Mimi ni mtoto wa Odilie," alisema. "Nimekuja kukushukuru, doña Fidelina. Nimechelewa miaka hamsini na miwili. Nisamehe."

Bibi alimtazama, akamshika mkono, akamkalisha jikoni. Akamimina kahawa kwanza.

"Nani kakwambia wewe ndiye wa kushukuru?" aliuliza. "Nilikuwa nimemzika mwanangu Jumanne. Maziwa yamejaa, yananichoma, na kila mtu ananiambia nijifunge kitambaa kifuani yakauke. Ijumaa baba yako akabisha hodi, wewe unalia kama honi ya lori. Ukanyonya, ukalala. Na mimi nikalala, mara ya kwanza tangu Jumanne. Mlipohama niliwatafuta nimwambie mama yako ahsante. Sikuwapata."

Yorleny aliweka kikombe chini. "Aliitwa nani?" aliuliza taratibu.

"Zoraida. Aliishi siku sita."

Yorleny aliweka mkono wake juu ya wa bibi.

"Kuna watu wengi wanasubiri kusikia kama nimekuona," Yorleny alisema mwishowe. "Niwaandikie nini?"

"Anza na yeye, Zoraida," alisema Fidelina.

Asubuhi Xinia alifungua makala mbele ya wateja wake, akasoma mstari wa kwanza kwa sauti: "Zoraida aliishi siku sita, na maziwa yake ndiyo yaliyonikuza." Akashindwa kuendelea. Doña Flory akainuka na rangi yake kichwani, akachukua simu, akawasomea wengine mpaka mwisho.