Nyuzi Nne za Seva

Daktari Moraa alisimama mlangoni pa chumba cha seva, mikono kiunoni.

"Mama Navalayo, nimefungua picha ya mguu wa mgonjwa, nikaenda kunywa chai, nikarudi. Bado inapakia! Huyo mtu atapona kabla sijauona mfupa wake."

"Niwie radhi, daktari. Nipe asubuhi hii."

Asubuhi hiyo ndiyo yote aliyokuwa nayo. Jairus, msimamizi wa hospitali yao ndogo ya misheni kwenye barabara ya Malava, alikuwa ameshaandika barua ya kuikabidhi seva aliyoitunza Navalayo, kompyuta kuu yenye picha zote, kwa kampuni moja ya Nairobi. Ikifika saa saba mchana na picha za eksirei bado zinajikokota, barua ingetumwa, naye Navalayo angerudi jikoni. Huko alikuwa amepika miaka kumi na tisa, kabla ya kujiunga na masomo ya jioni mjini Kakamega na kupata cheti cha kompyuta akiwa na miaka hamsini na mmoja.

"Seva si sufuria, mama," Jairus alikuwa amemwambia. "Huwezi kuiombea tu ichemke."

"Naombanga, bwana Jairus. Halafu nachochea kuni."

Alifunga mlango, akainamisha kichwa. "Bwana, nipe macho ya kuona lililopo, si lile ninalotaka liwepo. Amina." Akavaa miwani, akaandika nywila.

Mwalimu wa masomo yale ya jioni alipenda kusema kwamba kulaumu ni rahisi kuliko kupima. Kwa hiyo Navalayo alipima. Aliangalia seva inabeba mzigo kiasi gani, akaikuta karibu imelala. Alinakili picha nzito kutoka diski moja hadi nyingine humo humo ndani. Ikahama kufumba na kufumbua. Basi seva yenyewe ilikuwa nzima. Kilichobaki ni njia ya kutokea. Akaandika amri ya kuiuliza kadi ya mtandao inakwenda kwa kasi gani. Linux, mfumo unaoiendesha seva, haina porojo: ikajibu megabiti mia moja kwa sekunde. Kadi ile ilitengenezwa kwenda elfu moja.

Alikwenda mapokezi, akauhamisha waya wa seva kwenye tundu jingine la swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao. Mia moja. Akarudi, akailazimisha kadi iende elfu moja. Taa ya kijani ikazima, mtandao ukakatika, na sauti ikapaa kutoka mapokezi: "Nani tena huyo amezima?" Akairudisha upesi, jasho likimtoka. Mwishowe akauchomoa ule waya mrefu, akaiunganisha seva na laptopu yake kwa waya mfupi mpya.

Elfu moja.

"Ni waya!" alisema peke yake, na furaha ikampanda kama uji unaofura.

Alichukua ngazi, akaufuata ule waya mrefu chini ya dari ya korido. Juu ya mlango wa duka la dawa akaona utepe mweusi umezungushwa. Furaha ikashuka. Ile ilikuwa kazi ya mikono yake.

Mwezi wa Aprili duka la dawa lilihitaji mtandao, na waya ulikuwa umekwisha. Waya wa mtandao una nyuzi nane ndani, na kasi ya mia moja hutumia nne tu. Navalayo, aliyelelewa Khayega katika nyumba ambamo hata kipande cha sabuni hakikutupwa, aliona nyuzi nne zimekaa bure. Akaugawa waya wa seva: nyuzi nne zikabaki kwa seva, nne zikaenda kwa kompyuta ya duka la dawa. Katika ibada ya asubuhi wafanyakazi walimpigia makofi, na Jairus akahubiri juu ya kutopoteza kitu. Picha za wakati huo zilikuwa ndogo, hakuna aliyehisi lolote. Kisha ikaja mashine mpya ya eksirei na picha zake nzito. Na elfu moja inataka nyuzi zote nane.

Alikaa juu ya ngazi, koleo mkononi. Angeweza kuziunga, kisha aseme waya ulikuwa mbovu. Nani angejua? Lakini macho aliyoyaomba alikuwa amepewa, na hakuyaomba ili ayafumbe.

Alimwomba Ashura wa duka la dawa atumie daftari siku hiyo, akaziunga zile nyuzi nne, akabana kichwa kipya cha waya upande wa swichi. Elfu moja. Saa sita na nusu alibisha kwa Jairus. Daktari Moraa alikuwa ametangulia.

"Picha inafunguka kabla sijakaa!" alisema daktari.

"Kumbe seva haikuwa imezeeka?" Jairus aliuliza.

"Seva haina kosa. Kosa ni langu. Ule waya mlionipigia makofi ndio ulioifunga miguu."

Jairus aliizungusha kalamu yake. "Ungenyamaza, mama, ningejulia wapi?"

"Usingejua. Na mwakani ningegawa mwingine."

"Na mimi ndiye niliyehubiri juu yake!" Akaangua kicheko. "Haya, unataka nini?"

"Boksi la waya mpya. Na mtu wa kunishikia ngazi."

Alasiri, Navalayo akiwa na kichwa ndani ya dari anavuta waya, simu ililia chini yake. Ilikuwa ile kampuni ya Nairobi, ikiulizia barua iliyoahidiwa.

"Siwezi kuongea sana, nimeshika ngazi," Jairus alisema. "Hapana, msijisumbue kuja. Tuko na mtaalamu wetu."