Finjani ya Mgeni

Jumatatu moja ya Machi 1967, Kheiria alisugua dele la shaba la kahawa kwa ndimu na majivu mpaka likang'aa, akapanga tende na halwa kwenye sinia. Bakhita alikuwa ameshuka melini asubuhi ile. Walikaa dawati moja shuleni Unguja, mpaka mwaka 1964 Kheiria na watu wake walipokimbilia Maskati na nguo walizovaa. Ni Kheiria aliyemwandikia: "Njoo, shoga. Kwangu ni kwako."

Kwake penyewe palikuwa kwa mama mkwe. Bi Sayyida alikulia Pemba, na alijua nani alikuwa mtumwa wa nani. Alimtazama Bakhita kuanzia ushungi hadi nyayo, akamwonyesha pa kukaa: mlangoni, penye viatu.

Kahawa ikamiminwa. Katika mji ule mgeni aliyetosheka huitikisa finjani, na asipoitikisa humiminiwa nyingine. Kheiria alijifunza jambo hilo wiki yake ya kwanza, tumbo likimuunguza, akasahau kumwambia mwenzake.

"Alhamdulillah, nimetosheka," alisema Bakhita kwa adabu za kwao, akarudisha finjani. Bi Sayyida akaijaza.

Kufika adhuhuri Bakhita alikuwa amekunywa finjani arubaini, na dele limejaa vilevile. Thani, mume wa Kheiria, alifunua kifuniko, akachungulia, akasema iliki imepungua kidogo. Siku ya pili majirani walileta chupa zao za chai wajaziwe. Bakhita alilala ameegemea ukuta, finjani mkononi, na akiamka anakuta imejaa.

Siku ya nne Bi Sayyida alimwita Kheiria jikoni. Mkeka ulikuwa umeshatandikwa nyuma ya magunia ya mchele.

"Maadamu hajatikisa, ni mgeni, nami sitamgusa. Akishatikisa, atakosha vyombo. Bibi yake aliwakoshea babu zenu, kwani hujui?"

Kheiria alijua. Alingoja hasira zimpande, hazikupanda. Mwili wake wote ulikuwa ganzi tangu siku yeye mwenyewe aliposhuka melini, na ganzi hiyo ilimpa nafasi ya kuendelea kupika.

"Shoga," Bakhita alimuuliza siku ya tisa, macho mekundu, "kahawa hii inakwishaje? Mkono wangu nnausikia si wangu."

"Kunywa tu," alisema Kheiria. Hicho ndicho kitu pekee alichowahi kumtendea ili kumkinga.

Siku ya kumi na moja wageni wa Thani walikuwa njiani kutoka Nizwa, na dele lilihitajika.

"Mwambie," alisema Bi Sayyida.

Neno la kukataa lilimfika Kheiria mdomoni. Akalimeza, akaenda kuchutama mlangoni penye viatu.

"Itikise. Hivi."

Bakhita akaitikisa. Dele likakauka hapo hapo. Bi Sayyida akaweka sufuria mbili chafu mbele yake. Bakhita alimtazama Kheiria, na Kheiria alikitazama kifuniko cha dele. Kisha Bakhita akakunja mikono ya kanzu yake.

Mwaka 1970 sultani mpya alishika utawala, malango ya mji yakaachwa wazi usiku, na Waarabu wa Unguja wakaanza kurudi Omani kwa makundi. Thani alipata kazi ya mezani serikalini. Wageni walipojaa sebuleni, Bakhita ndiye aliyeshika dele, akisimama mbele ya kila mmoja mpaka atikise. Wakiuliza huyu ni nani, Kheiria alisema, "Rafiki yangu," nao wakanyoosha finjani bila kumtazama.

Alasiri moja walibaki wawili. Bi Sayyida alikuwa amelala, na nyumba ilikuwa kimya. Kheiria alinyoosha finjani yake, akanywa, akairudisha bila kuitikisa. Bakhita akamimina. Ya pili, ya tatu, ya nne. Kheiria hakutikisa. Moyo ulimwenda mbio kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akaukodolea macho mdomo wa dele, akingoja kahawa isiishe kama siku zile.

Finjani ya sita ilitoka mashapo.

"Imekwisha, bibi," alisema Bakhita, akaenda jikoni kupika nyingine.