Spoku Arobaini

Gurudumu lilirudi Jumanne asubuhi, limetundikwa begani mwa mwanamke ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa shingoni. Gommaar Wuyts alimwona kupitia dirisha la karakana, akivuka ua kwa mwendo wa mtu anayeficha maumivu, na kabla hajafika mlangoni mzee alikwisha kuona kile ambacho hakuna fundi apendaye kukiona: ringi aliyoinyoosha kwa mikono yake mwenyewe, majuma matatu tu yaliyopita, imepinda kama ganda la chungwa lililokaukia juani.

Katrijn Bloemen alilitua gurudumu juu ya meza, akasema kitu. Midomo yake Gommaar aliiona. Maneno yalimfikia kama watu wanaozungumza nyuma ya ukuta. Akafanya kama alivyozoea kufanya miaka hii ya karibuni: akatabasamu, akatikisa kichwa, akasema, "Vizuri, vizuri sana."

Katrijn alimkunjia uso.

"Mzee Gommaar," akasema, sasa kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto, "nimesema nimevunjika mtulinga. Limenitupa kwenye njia ya msituni. Na wewe unasema vizuri?"

Mlangoni, Irma, mkewe Gommaar, alikuwa amesimama na sinia la kahawa. Alikuwa amesikia yote, la kwanza na la pili. Akaweka sinia chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, akamvutia Katrijn kiti.

*

Katika nchi ile ya Kempen, kaskazini mwa Ubelgiji, ambako mchanga uko chini ya kila kitu, chini ya misonobari, chini ya mashamba ya viazi na hata chini ya kanisa, pikipiki za mbio za mchangani ziliwahi kuwa kama dini ya pili. Vijana wa miaka ya sitini waliopanda mashine zile walizeeka, mashine zikasahaulika mabandani, kisha wajukuu wakazifukua. Nazo zilipofukuliwa, magurudumu yake yaliletwa kwa Gommaar. Wengine wangeweza kufufua injini, wengine kupaka rangi tangi hadi ujione ndani yake. Lakini kuchukua kitovu kilicholiwa na kutu na ringi iliyogongwa na mawe ya nusu karne, ukafuma spoku mpya arobaini, ukazikaza moja baada ya nyingine hadi gurudumu lizunguke bila kuyumba hata unene wa unywele, hilo lilikuwa jambo la Gommaar.

Siri yake haikuwa siri. Aligonga kila spoku kwa spana ndogo na kusikiliza. Iliyokazwa sawasawa huimba. Iliyolegea hujibu kwa sauti ya mgonjwa. Wakati fulani Irma alimnunulia spana yenye kipimo, ile inayolia ikifika mkazo uliowekwa. Gommaar aliitundika ukutani kama picha ya mkwe asiyependwa. "Kipimo hudanganywa na uzi wa nati," alisema. "Kwani wewe mkate wako unaupima kwa rula?"

Pikipiki ya Katrijn ilikuwa ya marehemu baba yake, Staf Bloemen. Miaka kumi na mmoja Staf na Gommaar walishindana kila Jumapili, wakasukumana katika kona na kutukanana ndani ya vumbi, kisha jioni wakala chipsi za karatasi moja wamekaa juu ya ubao wa gari. Staf alipofariki majira ya baridi yaliyopita, mashine ilikutwa chini ya banda la njiwa wake, imefunikwa kinyesi kana kwamba imepakwa chokaa. Katrijn, tarishi wa kijiji, mama wa mabinti wawili, aliyekuwa hajapanda pikipiki ya mbio tangu akiwa msichana, aliapa kwamba mwezi wa Septemba ataiendesha katika mbio za mashine za kale, amevaa namba ya baba yake.

Na Gommaar ndiye aliyempa gurudumu la kumwangusha.

*

"Chuma cha siku hizi ni kigonjwa," alimwambia Irma wakati wa chakula cha mchana. "Spoku wanazifua kwa makopo ya soda."

Irma alimpakulia viazi.

"Tena yeye mwenyewe ana haraka. Kama baba yake. Mchangani huendi kwa haraka, unakwenda kwa nguvu."

Irma alimwongezea mchuzi. Mwanamke yule alikuwa na ukimya wa aina nyingi, na baada ya miaka arobaini na minane ya ndoa Gommaar aliujua kila mmoja. Huu wa leo hakuupenda.

Alirudi karakanani akalipachika gurudumu kwenye kigingi chake. Akazibana spoku mbili mbili kwa vidole, kama mtu anayepima unono wa kuku sokoni. Upande mmoja zilikaza. Upande wa pili, sita zilifuatana zikiwa legevu kama kamba ya kuanikia nguo, na mojawapo, mbali kabisa na mahali ringi ilipopindia, ilichezacheza ndani ya tundu lake. Hii haikulegezwa na ajali. Ilitoka hapa mezani hivyo hivyo.

Akachukua spana, akaigonga. Ikaimba.

Akaibana tena kwa vidole. Inacheza. Akaigonga tena. Ikaimba, safi, kengele ndogo ya fedha.

Gommaar aliishusha spana. Spoku iliyolegea haiimbi. Haijawahi kuimba tangu gurudumu lilipobuniwa. Basi sauti ile haikutoka kwenye chuma. Ilitoka kichwani mwake. Masikio yake, yaliyounguzwa na mabomba ya moshi yasiyo na kizuia sauti tangu ujana, yalikuwa yamefunga duka zamani, na kumbukumbu ikakaa nyuma ya meza ikiendelea kuwahudumia wateja. Miaka mingapi? Magurudumu mangapi? Ni wangapi waliosalimika kwa sababu tu hawakwenda kasi?

Siku za mwizi ni arobaini, na spoku za gurudumu la nyuma nazo ni arobaini. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajikuta anamkumbuka Staf akicheka.

*

Alikwenda kwa Katrijn kwa baiskeli alasiri hiyo hiyo, kabla ushujaa haujamtoka. Alimkuta bustanini akijaribu kuchuma maharage kwa mkono wa kushoto.

"Nimekuja kukwambia kitu, usinikatize," alianza Gommaar akiwa bado ameshika usukani. "Kosa si la mchanga. Wala si lako wala la chuma. Mimi ni kiziwi. Sijui tangu lini. Nilikupa gurudumu nikidhani nimelisikia, kumbe sikulisikia. Ungeweza kufa. Binti wa Staf angekufa kwa mkono wangu. Mpelekee fundi mwingine. Gharama yote ni juu yangu. Mimi nimefunga karakana."

Katrijn alisema kitu, ameinamia kikapu.

Tabasamu la zamani lilikwisha kuanza kumpanda Gommaar usoni. Alilirudisha. Hilo lilimgharimu kuliko maneno yote aliyotangulia kuyasema.

"Sikukusikia," akasema. "Sema tena."

Katrijn aliinuka akamsogelea, akamtazama machoni. "Nimesema, mkeo alinipigia simu. Akasema: mume wangu yuko njiani, ana jambo zito kifuani, mwache aliteremshe mwenyewe."

"Irma?"

"Kwani una wake wangapi?" Akamtupia maharage machache kwenye kikapu cha baiskeli. "Mzee, mimi nina hasira na wewe, usinielewe vibaya. Usiku silali kwa bega hili. Lakini baba alikuwa akisema katika wilaya nzima kuna mtu mmoja tu ambaye ukimpa gurudumu anakurudishia gurudumu. Simpelekei mwingine. Rudi nyumbani ukazungumze na mwenye nyumba yako."

*

Irma alikuwa karakanani, amekalia kigoda ambacho kwa miaka yote hakuna aliyekikalia isipokuwa Gommaar. Aproni yake ilikuwa bado na unga. Mbele yake gurudumu.

"Tangu lini unajua?" aliuliza Gommaar.

"Tangu ulipoacha kunikemea ninapoimba nikiosha vyombo."

"Hiyo ni..."

"Miaka minne."

"Na ukanyamaza!"

"Nilikusubiri useme. Kisha nikazoea kusubiri, na hilo ni kosa langu." Aliipandisha sauti ili imfikie mumewe. "Ningesema mapema, yule mtoto asingevunjika mfupa. Kwa hiyo usijibebeshe mzigo wote peke yako, Gommaar. Wewe kila kizuri unapenda kukila peke yako."

Gommaar alicheka bila kukusudia, naye Irma akacheka, kisha wote wawili wakajifuta macho kwa aproni moja.

Irma alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya parokia kwa miaka thelathini na sita. Akichoka padri kwenye noti ya tatu, Irma alijua. Njiwa wa jirani akipata mafua, Irma alijua. Siku zote karakana ilikuwa kando ya jiko lake, na kupitia ukuta mwembamba alikuwa amesikia magurudumu mengi kuliko mafundi wengi.

"Gonga," alisema.

Gommaar akagonga.

"Hii inalia kama sufuria."

"Unasemaje, sufuria? Fundi hasemi sufuria. Iko juu au chini?"

"Iko chini. Kama sauti ya marehemu shangazi yako alipokuwa akiomba rozari."

Kwa majuma sita, wakati mfupa wa Katrijn ukiunga, waliunga gurudumu. Walianza upya kabisa. Gommaar alizikata spoku zote arobaini na kuzitupa, akaondoa ringi iliyopinda, akatafuta nyingine ya umri ule ule kwa mzee mmoja wa upande wa Uholanzi. Akakichovya kitovu kwenye mafuta, akakisugua kwa brashi ya waya, akakisafisha hadi alama za zamani zikaonekana. Akafuma spoku mpya, kila moja ikipita juu ya mwenzake na chini ya mwenzake. Mikono ilikuwa bado yake. Hiyo hakuna aliyemnyang'anya. Kisha Irma alikuja na kigoda cha pili, na ugomvi ukaanza.

"Kaza robo mzunguko zaidi," Irma angesema.

"Robo? Nimekaza mpaka inaomba msamaha!"

"Robo. Ya jirani yake iko juu zaidi, hazipatani. Mume wangu, mimi nimeimba na wanawake ishirini wanaochukiana, najua sauti zisizopatana."

Aliongeza robo. Irma angefumba macho, angeinua kidole, na uso wake ungelainika kwa namna ambayo Gommaar hakuwa ameiona tangu watoto walipokuwa wadogo. Hapo alijua spoku imekaa. Akajikuta haangalii tena ringi. Anaangalia uso. Na jambo lililomshangaza, alipokuwa akienda kulala na mgongo umekufa ganzi, lilikuwa kwamba katika miaka yote ile ya kusikiliza chuma kwa makini kiasi kile, hakuwa amewahi kumwuliza mkewe wimbo anaouimba jikoni ni wimbo gani.

Daktari wa masikio alimpa vidude viwili vya kuvaa. Vilimrudishia maneno, na mlango, na mvua. Mlio ule mwembamba wa spoku haukurudi. "Ule umekwenda," alisema daktari, kama mtu anayezungumzia treni.

Katrijn alipokuja kulichukua gurudumu, Gommaar hakumpa mkononi. Aliitoa ukutani ile spana yenye kipimo, akazipitia spoku zote arobaini mbele yake, polepole, upande wa kulia kisha wa kushoto. Kila moja ilikubali. Irma, kwenye kigoda chake, alikuwa akitazama dari kana kwamba hayamhusu.

*

Jumapili ya mbio kulikuwa na upepo mkavu. Watu walisimama kando ya kamba na bia na chipsi mikononi, na mashine za kale zilipowashwa kwa pamoja moshi wa bluu ulipanda hadi kwenye misonobari. Gommaar alivitoa vile vidude masikioni akavitia mfukoni. Kelele ya aina ile aliweza kuisikia kwa mbavu.

Katrijn aliondoka wa nane. Mzunguko wa pili alikuwa wa sita. Mwili wake juu ya mashine ulikuwa mwili wa baba yake, makalio yameinuka, viwiko vimetoka nje kama mtu anayepita sokoni kwa nguvu, na Gommaar akamkumbatia Irma bila kujua anafanya nini.

Mzunguko wa tatu, kwenye kona ya chini ambako mchanga ulikuwa umechimbika, gurudumu la mbele lilizama. Mashine ikapinduka. Katrijn akaruka upande mmoja, pikipiki upande mwingine, vumbi likawafunika.

Gommaar alikuwa amekwisha kupita chini ya kamba kabla mtu hajamzuia. Alikimbia hatua kumi za kijana na tano za mzee, kisha akasimama. Vumbi lilikuwa linatua. Katrijn alikuwa amepiga magoti, anatema mchanga, anacheka, anampungia mkono mtu wa bendera kwamba amwache. Na kando yake, mashine imelala ubavu, gurudumu la nyuma hewani, bado linazunguka.

Lilizunguka kwenye jua la alasiri, spoku arobaini zimekuwa pazia moja la mwanga, na ukingo wa ringi ulisimama pale pale kama mstari uliochorwa. Haukupanda. Haukushuka. Haukwenda kando.

Irma alimfikia akihema, akamshika mkono.

"Linasemaje?" aliuliza Gommaar.

Mashine thelathini zilikuwa zikinguruma kuwapita, mtangazaji akipiga kelele, na watu wote wakimshangilia Katrijn aliyekuwa akiinua pikipiki ya baba yake. Irma aliinamisha kichwa, akafumba macho, akainua kidole kimoja.

"Zinapatana," akasema, na Gommaar akalisoma neno midomoni mwake.

Gommaar alijua kwamba katika kelele ile hakuna sikio la binadamu ambalo lingesikia kitu. Aliutazama uso wake hata hivyo, hadi gurudumu lilipogusa mchanga na kuondoka.