Saba Kati ya Kumi

Kati ya chipukizi kumi wa besiboli waliotabiriwa makubwa, saba hawafiki popote. Kassian Ngonyani aliifanya hesabu hiyo mara nne, na mara zote nne jibu lilikataa kubadilika. Mara ya tano alizima kompyuta, akabaki anautazama uso wake kwenye kioo cheusi kama mwanafunzi anayengoja viboko.

Hofu hiyo haikutokana na besiboli. Mchezo wenyewe hakuupenda; kwake ulikuwa ni wanaume wazima wanaosimama uwanjani kwa saa tatu, wakitema mate na kungoja mmoja wao arushe mpira. Lakini profesa wake wa takwimu, katika chuo cha Marekani alikokuwa akisoma, aliuabudu, na ndiye aliyempa kazi ile: achukue orodha za gazeti moja la michezo ambalo kila mwaka lilitaja vijana mia waliotarajiwa kutikisa ligi kuu, kisha afuatilie nani alifika na nani alipotelea ligi za chini. Aliyefika akadumu misimu mitatu aliandikiwa moja. Wengine wote, sifuri. Warushaji ndio walioongoza kwa sifuri, maana bega la binadamu halikuumbwa kwa kazi ile. Orodha ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1990, na sasa ilikuwa Septemba 1997, muda wa kutosha kabisa kutenganisha mchele na pumba.

Balaa ni kwamba Kassian mwenyewe alikuwa chipukizi. Mwaka 1988, matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, jina lake lilitangazwa redioni na kuchapishwa gazetini: wa tatu katika kumi bora wa nchi nzima. Baba yake, mwalimu mstaafu kule Songea, alikikata kipande kile cha gazeti, akakitia fremu na kukitundika sebuleni, juu kidogo ya picha ya Baba Mtakatifu. Kila mgeni alisomewa kwanza, chai ikafuata. Tangu siku hiyo Kassian hakuruhusiwa kushindwa kitu chochote, hata bao.

Na alikuwa ameshindwa. Januari mwaka ule alifanya mtihani mkuu wa shahada ya uzamivu, ule unaoamua nani aendelee na nani afungashe, akaanguka. Chuo kilitoa nafasi mbili tu. Ya pili aliifanya mwishoni mwa Agosti, na matokeo yangewekwa kwenye visanduku vya barua vya idara Ijumaa, saa tisa alasiri. Akianguka tena, chuo kimekwisha na viza imekwisha. Yeye, mkewe Ephrasia na binti yao Susan wa miaka mitatu watarudi Songea kukaa chini ya ile fremu.

Hilo peke yake lingetosha kumkondesha mtu. Lakini kulikuwa na lingine, na hilo ndilo lililokuwa likimla hasa: Ephrasia hakujua kwamba aliwahi kuanguka. Siku ile ya Januari alirudi nyumbani akakuta mkewe amepika pilau, ameweka hadi soda mezani, anamsubiri mlangoni kwa tabasamu. Akajikuta anasema mtihani una sehemu mbili. Ya kwanza imepita salama, ya pili ni Agosti. Alikusudia kuusahihisha uongo huo kesho yake. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya Kassian ilikuwa inatimiza miezi minane.

Sasa, Watanzania wawili wakikutana ughaibuni huanzisha urafiki. Wakifika watatu huanzisha kamati. Mwenyekiti wa kamati hii alikuwa Haika, mama wa Kichaga aliyeishi kitongoji cha Maple Grove, mtu ambaye angeweza kuunda kamati ya kung'oa jino. Ephrasia alipomdokeza kwamba mumewe anamalizia mtihani, Haika hakuuliza kama atafaulu. Kumi bora huulizwa hivyo? Alichouliza ni tarehe. Sherehe ya kumpongeza ikapangwa iwe Jumamosi, siku moja tu baada ya matokeo.

Wiki moja kabla, kamati ilikutana kwa Haika kwa kikao cha tatu. Kassian alifanya kosa la kwenda kumchukua mkewe mapema, akaketishwa katikati ya wajumbe.

“Karibu shemeji, hatung'ati,” Haika alisema. “Mbuzi tayari, yule mkulima atamchinja Ijumaa asubuhi. Sare zimetoka kwa fundi. Mshereheshaji ni Allan. Kilichobaki ni wewe kuvaa suti tu.”

“Matokeo bado hayajatoka, shemeji,” Kassian alisema.

Kikao kizima kikaangua kicheko.

“Jamani msikieni! Wa tatu nchi nzima anaogopa matokeo!” Haika alijipiga paja. “Hiyo ni formality tu, shemeji. Kula sambusa.”

Ephrasia alicheka kuliko wote. Alikuwa amepakata sare yake mpya, kitenge cha bluu chenye maua ya njano, na mkono wake mmoja ulikuwa ukimpapasa mumewe goti kwa fahari. Kassian aliyatazama maua yale ya njano akaona aibu mpaka masikio yakapata moto. Sambusa aliirudisha kwenye sahani.

Waliporudi nyumbani alichukua karatasi na kufanya jambo la kipuuzi. Aliandika majina ya kumi bora wa mwaka 1988, akaanza kuwapa alama kama wachezaji wa besiboli. Wa kwanza, Eliakim, alikuwa daktari bingwa Dar es Salaam, moja. Wa pili alifariki kwa malaria kabla hajamaliza chuo. Akamwandikia sifuri, kisha akajichukia kwa kumwandikia marehemu sifuri. Wa nne aliuza vipuri vya baiskeli Mbinga. Wa saba alisemekana kuacha masomo akaenda migodini, na hakuna aliyejua zaidi. Aliendelea hivyo mpaka mwisho wa orodha, akajumlisha. Moja zilikuwa tatu, sifuri sita. Nafasi yake mwenyewe aliiacha wazi.

Mwanatakwimu yeyote angemcheka. Hesabu ya wachezaji mia kadhaa wa Marekani haina habari na watoto kumi wa Tanzania, wala sifuri haitembei kumtafuta mtu. Kassian aliyajua hayo yote, hata angeweza kuyafundisha darasani, na bado aliogopa. Aliikunjakunja karatasi ile akaitupa chini kabisa ya pipa la taka, chini ya maganda ya viazi.

Jumapili alikwenda kazini. Hoteli moja ya Bloomington, karibu na uwanja wa ndege, ilikuwa imewaajiri wote wawili: Ephrasia alisafisha vyumba siku za wiki, Kassian alifua mashuka mwisho wa wiki. Dereva wa gari la kuwapeleka wageni uwanja wa ndege alikuwa Mmarekani mweusi, mrefu, wa mabega mapana, na kwenye beji yake kifuani palisomeka Rodney Tisdale. Wiki tatu nyuma, Kassian alikutana na jina hilohilo kwenye orodha ya mwaka 1991, nafasi ya ishirini na moja. Hakuthubutu kuuliza. Jumapili hiyo, wakati wa chakula cha mchana, uoga wa mambo mengine ulikuwa umemchosha kiasi kwamba huu ukawa mdogo, akamweleza juu ya orodha zile na kuuliza kama ndiye.

“Ndiye mimi,” Rodney alisema, bila kuuacha mkate wake. “Nilikuwa mrushaji. Siku kumi na moja ligi kuu, halafu bega likakataa. Wewe umeniandikaje kwenye hesabu zako?”

“Sifuri,” Kassian alisema.

Rodney alitafuna taratibu, akameza. “Ni haki,” alisema. “Kuna wenzangu watano niliolala nao chumba kimoja ligi za chini, wote walikuwa kwenye orodha zile, na wote utakuwa umewaandika hivyo. Siyo aibu. Wengi ndio sisi.”

Kisha akaweka mkate chini.

“Kilichoniumiza siyo bega. Timu iliponiacha, sikumwambia mama. Nilijificha motelini wiki sita, kila Jumapili nampigia simu, namwambia mechi zinaendelea vizuri. Akaja kuambiwa na mwanamke mmoja kanisani, mbele ya watu. Bega alinisamehe siku ileile. Zile simu hajanisamehe mpaka leo.”

Akapangusa mikono, akaenda kuwasha gari lake, maana kulikuwa na wageni wenye mizigo wanangoja mlangoni.

Wiki ile Kassian alijiapiza kusema. Jumatatu Susan alishikwa na homa. Jumanne Haika alikuwa kwenye simu na Ephrasia saa nzima kuhusu sufuria. Jumatano Ephrasia aliimba akiosha vyombo, na nani angekuwa na moyo wa kumkatiza? Alhamisi haikuwa na sababu yoyote, lakini mwoga hakosi sababu; alisema amechoka.

Ijumaa saa tisa alasiri bahasha ilikuwemo kwenye kisanduku, nyeupe, jina lake limepigwa chapa. Aliishika kwa vidole viwili. Wenzake wawili walikuwa wakifungua zao palepale. Mmoja akapiga kelele ya furaha, mwingine akaondoka haraka bila kumtazama mtu. Kassian hakufungua. Alijijua. Akikuta amefaulu, hatasema lolote, ataufukia uongo wake na kuukanyagia udongo maisha yake yote. Akikuta ameanguka, atasema kwa sababu amebanwa, na huko si kusema. Akaitia bahasha kwenye mfuko wa jaketi, akapanda basi namba kumi kurudi nyumbani, Columbia Heights.

Njia nzima aliibonyeza kwa kidole gumba kupitia kitambaa. Ile ya Januari ilikuwa karatasi moja. Hii nayo ilionekana moja. Au mbili. Alishuka kituo kimoja kabla ya chake, akatembea.

Alimkuta Ephrasia sebuleni anapiga pasi sare yake. Susan alikuwa mbele ya televisheni. Alisalimiwa na baba yake kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiingereza bila kugeuka.

“Baba Susan! Lete nione!” Ephrasia alinyoosha mkono, uso umechanua.

“Sijafungua. Nina jambo la kukwambia kwanza.” Sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu aliye chumba cha pili. “Januari nilianguka. Mtihani haukuwa na sehemu mbili. Huu wa Agosti ni uleule, nimeurudia. Nilikudanganya, Mama Susan.”

Pasi ilibaki hewani. Kisha akaisimamisha polepole pembeni.

“Januari nilimpigia baba yako simu Songea,” alisema. “Nikamwambia umepita. Nikakupa simu. Baba akakupongeza, ukamwambia asante baba. Ulikuwa umekaa hapohapo.”

“Nilikuwa nimekaa hapa.”

“Pasaka nikakuuliza mbona huli. Ukasema baridi imekuingia mifupani.”

“Nilisema.”

“Nikakununulia hilo jaketi.”

Kassian alilitazama jaketi alilovaa. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. “Niliona aibu. Nisamehe.”

“Aibu kwangu?” Sasa sauti ilipanda, na Susan akageuka. “Kwani mimi ndiyo ile fremu ya baba yako, Kassian? Mimi nimetundikwa ukutani?”

Tangu Susan azaliwe, hakuwahi kumsikia mkewe akimwita kwa jina.

Ephrasia akanyoosha mkono tena, na safari hii hakutabasamu. Alipewa bahasha, akaichana upande, akaisoma barua kuanzia juu mpaka chini, kisha akairudia. Kassian alihesabu pumzi zake. Alifika saba.

“Umefaulu,” Ephrasia alisema. “Hongera.”

Alilisema kama mtu anavyompongeza jirani wanapopishana kwenye ngazi. Furaha ilimjia Kassian, kweli ilimjia, aliisikia hata kwenye magoti, lakini hakujua aipeleke wapi. Aliketi kwenye mkono wa kochi. Yule ambaye alizoea kumkimbilia nayo alikuwa amesimama hatua mbili mbele yake, anaikunja barua vizuri, anairudisha ndani ya bahasha.

“Nimpigie Haika?” Kassian aliuliza. “Tuahirishe?”

“Mbuzi ameshachinjwa.”

Ephrasia alichukua pasi, akaijaribu joto kwa kidole kilicholowa mate, akaanza na mkono wa gauni, taratibu, kuzunguka maua ya njano.

“Usiwe na wasiwasi na kesho,” alisema. “Nitavaa, nitacheza, nitapiga vigelegele kuwazidi wote. Hakuna atakayejua kitu.” Akaligeuza gauni upande wa pili. “Miezi minane nimeishi na mwalimu wa kuficha.”