Anayeivizia Kesho

...au labda amelala macho wazi, wapo watoto wanaolala hivyo, kope nusu kama mlango uliosahaulika, lakini hapana, huyu ananitazama, kajilaza ubavu kwenye mkeka katikati ya wenzake wanaokoroma kama paka walioshiba, na kidole gumba changu kakikamata kama mtu anayeshika kamba ya ndoo kisimani, nikikivuta kidogo anakaza, "Lala, Bi Maswali," namnong'oneza, "wenzako wote wameshafika," naye anatikisa kichwa, "Sitaki, Mwalimu. Nikilala, kesho itanipita," anasema hivyo kwa utulivu, kama mtu mzima anayekataa kiti kwa sababu amekuja mara moja tu... itampita, ndiyo, kwa hesabu yake itampita, maana ni mimi niliyemfundisha, mimi na mifuko yangu mitatu ya kitambaa ukutani, jana, leo, kesho, kila asubuhi tunahamisha picha ya jua kutoka mfuko hadi mfuko, "Tukilala, tukiamka, kesho inakuwa nini?" na darasa zima, "Leeeo!" makofi, vigelegele, nami nikajiona fundi, sikujua kuna mmoja kule nyuma hapigi makofi, anafikiri... jikoni mpishi anaangusha sufuria, "Samahani, Mwalimu! Imeniponyoka tu!" na mtoto mmoja kando ya ukuta anageuka, ananyonya hewa, anazama tena, wamebarikiwa hawa, wataamka mchana huu huu na kuniamkia upya, "Shikamoo, Mwalimu," kana kwamba hatujaonana tangu dunia iumbwe, kwao kila usingizi ni usiku na kila kuamka ni asubuhi, na yule mtoto wa fundi cherehani, juzi kaniambia, "Mimi kesho nilikuwa mchanga, nilikuwa sina hata viatu," nikacheka mpaka nikakaa, miaka yote hii na bado nacheka, kwao wakati ni ziwa, si barabara, wanaogelea popote wapendapo, halafu siku moja, hujui ni ipi, mguu unagusa chini... na wa huyu umegusa, ndiyo shida, umegusa kabla ya wenzake, tangu mama yake apande ndege kwenda kufanya kazi za ndani nchi ya watu, mkataba wa miaka miwili, na bibi yake akaona asimwumize mtoto, kila akiulizwa, "Mama anakuja kesho, mjukuu wangu," kila jioni kesho, kila asubuhi kesho, na mtoto hakusema bibi ni mwongo, mtoto gani atasema hivyo, alitafuta kosa lilipo akaliona ni lake mwenyewe, ni usingizi wake, kesho inakuja kweli ila inakuja yeye akiwa amelala, akiamka imeshageuka leo, basi dawa ni kukesha, aikamate ikiwa bado mbichi, na sasa ana vivuli chini ya macho kama mama mwenye mtoto mchanga... nilimwambia bibi asubuhi pale getini, "Bibi, halali huyu, tumwambie ukweli," akaniangalia kwa upole mkali, "Mwalimu, wewe umesomea watoto, mimi nimewazaa. Kesho ni neno tamu, halina madhara, mwache alilambe," nikarudi ndani bila kubisha, kwa sababu ya mvi zake, na kwa sababu naye pia ni mama, binti yake ndiye aliyepanda ile ndege, huenda neno lile analilamba yeye... lakini nimwambie nini huyu, miaka miwili ni nini kwa mtu aliyeishi minne, ni nusu ya dunia, nimpe kipimo cha kushika, niseme mama atakuja meno yako ya mbele yakishang'oka na mengine yakishaota, aa, namjua, ataanza kuyatikisa leo leo, mimi mwenyewe utotoni niliambiwa baba, aliyekuwa dereva, atarudi kutoka safari gauni langu likishanibana, nikala, nikala chakula changu na cha kaka yangu mpaka nikatapika, "Una mnyoo wewe?" mama akauliza, kumbe nilikuwa kazini, nilikuwa namleta baba... kila kipimo utakachompa mtoto ataking'ang'ania akivute, kwake siku haziji zenyewe, zinaletwa na mtu, na mtu huyo ni yeye, ndicho kinachomkosesha usingizi, si kumkosa mama tu, anabeba zamu ya kumrudisha, peke yake, kwenye mkeka, na sisi watu wazima tunamwita mkaidi... "Mwalimu, umelala?" "Sijalala." "Ukiiona, niamshe," na kope zinashuka, zinashtuka, zinapanda tena, Mungu wangu, ananiomba nimpokee zamu, na neno tamu liko hapa mdomoni tayari, nitakuamsha, mwanangu, jepesi kuliko unyoya, angelala sasa hivi, akilini mwangu naona kabisa vidole vikilegea... na akiamka je, angenitazama kama anavyomtazama bibi, bila lawama, angetafuta tena kosa lake... hapana, hilo siwezi, bibi anisamehe, jioni nitakwenda kwake nikae chini na kumwambia nilichosema, anikasirikie, lakini zamu hii naiondoa mabegani mwa mtoto, nitasema mama haji leo wala kesho, yuko mbali, ni siku nyingi hata mimi hazinienei mikononi, na zitapita tu, ulale usilale, hakuna unachoweza kukosea, atalia, najua, atawaamsha wote, mpishi atakuja mbio na mwiko wake, sawa, kilio huwa kina mwisho, nitalia naye ikibidi... pazia linavuta pumzi, linaiachia, kidole changu kimekufa ganzi, "Bi Maswali," nasema, "mama haji kesho," na macho yananigeukia, makubwa, hayajafumba.